Mbona Masomo ya Programu Humwacha Njiani Anayeanza Kabisa

Mwanafunzi wangu alikuwa amefika hatua ya pili tu. Somo lilimwahidi kwamba baada ya dakika chache angekuwa ameandika programu yake ya kwanza kwa lugha ya Python. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, nimejiapiza kutofungua kinywa, maana nilitaka kuona somo lenyewe lingemfikisha wapi. Hatua ya kwanza ilimtaka aandike mstari mmoja ndani ya faili na kulihifadhi kwa jina la salamu.py. Akafanya hivyo. Hatua ya pili ikamtaka afungue terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha aandike:

$ python salamu.py

Akaandika vilevile, herufi kwa herufi, pamoja na ile alama ya dola. Kompyuta ikamjibu kwamba haiitambui amri hiyo. Akarudi kwenye somo, akalinganisha, akaona hakukosea chochote. Na kweli hakukosea. Hakuna mahali alipoambiwa kwamba dola si sehemu ya amri. Ni alama ambayo terminali za baadhi ya kompyuta huitoa zenyewe kuonyesha kwamba ziko tayari kupokea maneno, na mwandishi wa somo aliinakili kwa mazoea.

Hapo nilivunja kiapo changu, nikamwambia aiondoe. Akaiondoa. Safari hii kompyuta ikasema hakuna faili lenye jina hilo. Lakini faili lipo! Akafungua folda, akanionyesha kwa kidole: salamu.py, hili hapa. Tulichunguza kwa muda ndipo tukagundua kwamba jina lake halisi lilikuwa salamu.py.txt. Notepad, programu aliyoitumia kuandikia, ilikuwa imeongeza zile herufi za mwisho wakati wa kuhifadhi, na Windows, isipobadilishwa mipangilio, huficha mkia wa jina unaotaja aina ya faili. Alichokuwa akikiona kwa macho yake hakikuwa jina lote.

Tukalirekebisha jina. Kabla hajajaribu tena, akaandika neno python peke yake ili ahakikishe kwamba imesakinishwa vizuri. Zikatokea alama tatu, >>>. Akafurahi, maana aliwahi kuziona kwenye picha za somo. Akaandika python salamu.py mbele ya alama hizo, na kompyuta ikamkemea kwa maandishi: SyntaxError, yaani kosa la sarufi. Hakuwa tena kwenye terminali. Alikuwa ameshaingia ndani ya Python yenyewe, na Python haielewi amri za terminali. Kwa macho, mahali hapo pawili hapatofautiani: dirisha lilelile, weusi uleule, mshale uleule unaopepesa.

Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mstari wake mmoja ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na ulikuwa bado haujaendeshwa hata mara moja. Akajiegemeza kitini akasema kwa sauti ya chini, "Labda, mwalimu, kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila nikiyasikia huniuma. Huyu alifuata maelekezo kwa uaminifu kamili. Kilichomwangusha ni jambo ambalo masomo mengi hayaligusi kabisa. Yanamweleza mwanagenzi cha kuandika, lakini hayamwambii ni nani atakayekisoma anachokiandika, na atakisoma vipi. Kila mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu, una msomaji wake. Wakati mwingine msomaji ni terminali, wakati mwingine ni Python, wakati mwingine ni mfumo endeshi, kama Windows, unaotafuta faili kwa jina lake kamili. Asiyejua kwamba wasomaji hao ni tofauti, wala kwamba wana tabia zao, hana njia ya kukisia kwa nini amri iliyokubaliwa hapa inakataliwa pale.

Mtu anaweza kusema mambo haya ya terminali na majina ya mafaili ni vumbi la njiani, na programu zenyewe ziko mbele. Ni kweli yako njiani. Lakini matatizo yanayomsubiri mbele ni ya ukoo uleule. Tazama mistari hii minne:

x = 5
y = x
x = 9
print(y)

Muulize anayeanza kitaandikwa nini kwenye skrini. Wengi watajibu 9, na wana sababu nzuri. Shuleni walifundishwa kwamba alama ya = inasema pande mbili ni sawa, na ndivyo mwanahisabati Robert Recorde alivyokusudia alipoitumia kwa mara ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1557. Ikiwa y ni sawa na x, na x sasa ni 9, basi y nayo ni 9. Hesabu imekamilika.

Lakini jibu ni 5. Katika Python, alama hiyo haitangazi usawa wowote, inatoa amri: tafuta thamani iliyoko kulia, kisha ipe jina lililoko kushoto. Mashine inasoma mstari wa kwanza, inautekeleza, inahamia wa pili. Ikifika wa pili, x ni 5, basi y inapewa 5, na habari ya x na y inaishia hapo. Hakuna uzi wowote unaobaki ukiziunganisha. Mstari wa tatu unabadilisha x peke yake. Waliobuni lugha ya programu ya Algol 60, iliyotangazwa mwaka 1960, walitumia alama := kwa amri hii ili isichanganywe na usawa wa hesabu. Fortran, iliyoitangulia mwaka 1957, ilikuwa imetumia = tupu, na lugha nyingi tunazofundishia leo zilifuata mkondo huo. Kwa hiyo anayeanza anakutana na alama aliyoijua tangu utotoni ikiwa imebadilishwa maana, na masomo mengi humpitisha hapo kwa sentensi moja: "x ni kigeu, ni kama kisanduku cha kuwekea thamani." Kisanduku ni mfano unaosaidia kidogo, lakini hausemi lolote juu ya mpangilio wa kusoma, na mpangilio ndio uliomponza.

Mwaka 1986 mtafiti Benedict du Boulay aliandika makala kuhusu ugumu wanaoupata watu wanaojifunza kuandika programu, na akaweka kati ya mambo makuu hitaji la kuwa na picha ya mashine kichwani. Hakumaanisha umeme na vipuri. Alimaanisha mashine ya kufikirika, ile ambayo lugha yenyewe inadhania ipo: inakumbuka nini, inaanza wapi, inafuata mstari upi baada ya upi. Mwaka huohuo Roy Pea alieleza kosa alilosema linazaa makosa mengine mengi, nalo ni imani iliyojificha kwamba ndani ya kompyuta kuna akili fulani inayoelewa makusudio ya mwandishi. Mwanagenzi haikiri imani hiyo ukimuuliza. Utaiona kwenye kazi yake. Anaandika "jumla" kwenye mstari mmoja na "Jumla" kwenye mwingine, akitarajia itajulikana ni kitu kilekile, kwa kuwa binadamu yeyote angejua. Maisha yake yote amewaandikia wasomaji wenye huruma ya kukisia. Huyu wa sasa hakisii, na somo halikumtambulisha.

Kwa nini walimu hawamtambulishi msomaji huyo? Sidhani ni uvivu wala majivuno. Mtu aliyezoea haoni tena kwamba kuna kitu cha kueleza. William Chase na Herbert Simon walichapisha mwaka 1973 jaribio lao la sataranji: wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde 5, kisha wakaupanga upya kwa kumbukumbu. Pale kete zilipokuwa zimekaa kama katika mchezo halisi, bingwa aliwaacha wanaoanza mbali sana. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ukatoweka. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni mafungu: pale ambapo wengine waliona kete sita, yeye aliona jambo moja analolijua.

Aliyeandika programu kwa miaka kumi anauona msimbo kwa macho hayohayo. Mchukue mstari huu mfupi:

for jina in majina: print(jina)

Yeye anasoma kitu kimoja, "pitia orodha, onyesha kila kilichomo," na akilini mwake panabaki nafasi tele ya kusikiliza maelezo. Anayeanza anaona maneno sita, nukta mbili na jozi ya mabano, na kila kimoja kinadai swali lake. Nukta mbili ni za nini? Jina limetajwa mara mbili, je, ni jina lilelile? Majina yametoka wapi? John Sweller, aliyeandika nadharia yake ya mzigo wa akili mwaka 1988, alionyesha kwamba nafasi ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu, na ikijazwa na utafutaji wa jibu, kujifunza kwenyewe kunakosa mahali pa kukaa. Somo linapoongeza hapohapo sentensi tatu kuhusu ufanisi wa orodha, linamimina maji kwenye kikombe kilichojaa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha, na wanaofundisha kwa Kiswahili wana nafasi nzuri ya kulitumia. Ule mstari wa juu nimeuandika kwa majina ya Kiswahili kwa makusudi. Katika masomo mengi ungekuwa for item in items, na hapo anayeanza hana namna ya kujua ni maneno yapi ni ya lugha yenyewe na yapi yamebuniwa na mwandishi. Yote ni Kiingereza, yote yanaonekana matakatifu. Nimeshuhudia mtu akiamini kwa wiki nzima kwamba neno item ni amri ya Python, na kwamba bila hilo programu haiendi. Ukiandika jina na majina, mpaka unaonekana waziwazi: for, in na print ni vya mashine, vilivyobaki ni vyako, unaweza kuviita upendavyo. Ni mbinu isiyogharimu chochote.

Makosa nayo yana habari yake. Masomo mengi, hasa ya video, huonyesha msimbo unaotoka safi mkononi mwa mwalimu, mstari baada ya mstari, bila kigugumizi. Sehemu alizokwama hukatwa wakati wa kuhariri ili mtazamaji asichoke. Hivyo anayeanza anahitimisha kwamba kuandika programu ni kujua kabla ya kuandika, na kwamba kosa ni dalili ya kutofaa. Ukweli ni kwamba mtaalamu naye hukutana na ujumbe wa kosa mara kwa mara kazini. Tofauti yake ni kwamba anausoma. Kwake ule ujumbe ni jibu la msomaji: nimefika hapa, nimekuta hiki, sikuweza kuendelea.

Mfano mmoja nitauweka karibu. Anayeanza anataka kujua mtu atakuwa na umri gani mwakani:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)

Anajibu 20, na programu inavunjika: TypeError: can only concatenate str (not "int") to str. Mtu hajawahi kusikia neno str wala int, na sentensi nzima iko kwenye lugha ambayo pengine si yake. Lakini ndani yake mna habari yote anayoihitaji. Mashine inasema umeipa maandishi (str) na namba (int), na kwa maandishi alama ya + inajua kazi moja tu, kuunganisha maandishi na maandishi. Chochote kinachopitia input huingia kama maandishi, hata kikiwa na sura ya namba. Ile 20 kwenye skrini ni picha ya herufi mbili. Igeuze iwe namba kwa int(umri), na programu inakwenda. Somo ambalo lingeiacha programu hii ivunjike mbele ya msomaji, likakaa naye dakika tano kuutafsiri ujumbe huo, lingempa silaha ya kudumu. Badala yake masomo huandika int(input(...)) tangu mwanzo, mabano ndani ya mabano, bila kueleza yalikotoka, na kumkinga mwanafunzi dhidi ya kosa ambalo lingemfundisha.

Waunda lugha wamejitahidi upande wao. Zamani ukisahau kufunga mabano, mara nyingi Python ilikuonyesha kosa kwenye mstari unaofuata, ambao hauna hatia, na watu walipoteza saa nzima wakiukagua. Toleo la 3.10 la mwaka 2021 lilianza kusema wazi kwamba mabano haya hayakufungwa, na kukuonyesha yalipofunguliwa. Masomo nayo huzeeka: Python 2 ilikubali print bila mabano, Python 3 iliyotoka mwaka 2008 haikubali, na Python 2 ilifikia mwisho wa matengenezo tarehe 1 Januari 2020, lakini masomo yake bado yanaibuka mtu akitafuta. Mzoefu hutambua toleo la zamani kwa jicho moja. Anayeanza huona tu kwamba kwa mara nyingine yeye ndiye aliyeshindwa.

Kuna pia wale ambao hawakwami. Wanafuata somo hadi mwisho, kila kitu kinakubali, wanamaliza na kikokotoo kidogo au mchezo wa kukisia namba. Kesho yake wanafungua faili tupu, na vidole vinaganda. Hali hii inanisikitisha kuliko ile ya kukwama terminalini, kwa kuwa mtu huyu alidhani amejifunza. Kunakili msimbo unaofanya kazi hakumlazimishi kujiuliza mashine inaufanyia nini. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken lilichapisha matokeo ya mtihani waliowapa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi kadhaa, waliokwisha kumaliza mafunzo ya mwanzo ya programu. Wastani haukufika alama 23 kati ya 110. Wengi walidhani tatizo ni kutojua kuvunjavunja fumbo. Miaka mitatu baadaye, kundi la Raymond Lister likauliza jambo la chini zaidi: je, wanaweza kusoma msimbo mfupi ulioandikwa tayari na kusema utatoa nini? Wengi walitetereka hata hapo. Walikuwa wamefundishwa kuandika kabla ya kusoma.

Utauliza kwa nini masomo hayarekebishwi. Fikiria ni nani humrudishia mwandishi maoni. Aliyekwama kwenye alama ya dola haandiki. Amefunga dirisha, ameondoka, anajilaumu mwenyewe. Wanaoandika ni wale wanaojua tayari, na wao hulalamika kwamba somo ni refu mno, kwamba maelezo haya yanajulikana, kwamba kuna hali fulani ya kipekee haikutajwa. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake walieleza jinsi maelezo yanayomsaidia asiyejua yanavyoweza kumzuia anayejua. Kwa hiyo mzoefu hasemi uongo, yale maelezo kweli yanamsumbua. Mwandishi anamsikiliza, anapunguza hapa, anaongeza tahadhari pale, na kila marekebisho yanalisogeza somo mbali zaidi na mtu aliyeandikiwa.

Ukiwa unaandika somo, jambo moja litakusaidia kuliko ushauri wowote: keti kando ya mtu asiyejua, ufunge mdomo, uandike kila mahali anaposita. Na ukiwa unajifunza, usiendeshe msimbo kabla hujaandika kwenye karatasi unachodhani utatoa. Ukipatia, vizuri. Ukikosea, umegundua mahali ambapo mashine iliyoko kichwani mwako inatofautiana na iliyoko mezani, na hapo ndipo pa kuchimba. Kisha ubadilishe kitu kimoja, ukisie tena. Uuvunje kwa makusudi, ufute mabano, uone inasemaje. Utakwenda polepole, na somo la dakika kumi litakula jioni nzima.

Yule mwanafunzi wangu alirudi siku tatu baadaye. Sikumfungulia somo lolote. Nilimpa kalamu, karatasi na mistari hii:

hesabu = 1
while hesabu < 3:
    hesabu = hesabu + 2
    print(hesabu)

Nikamwambia while maana yake ni "maadamu," na kwamba mistari miwili iliyosogezwa ndani hurudiwa. Akachora safu moja, juu yake akaandika hesabu, chini yake 1. Akafikiri. Akafuta 1, akaandika 3, kisha akaiweka kalamu chini. "Haitaandika kitu," akasema. "Imeshafika 3, si chini ya 3 tena, basi inasimama."

Nikamwambia aiendeshe. Skrini ikaandika 3.

Aliitazama ile 3 kwa muda mrefu. Akarudi kwenye karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa while, akakishusha wa tatu, wa nne, akakipandisha tena juu. Akarudia mara mbili bila kusema neno. "Kwa hiyo haichungulii wakati wote," akasema hatimaye. "Inauliza ikifika hapa tu?"

"Hapo tu."

Akavuta kibodi, akaubadilisha mpangilio wa ile mistari miwili ya ndani, print ikaja kwanza. Kabla hajabonyeza kitu, akaandika kwenye karatasi: 1.